Hiyo Ni Kabila, Nimekuuliza Mtu

Kila mtu Nairobi amewahi kusimama nje ya Archives. Ndiyo steji ya watu ambao hawana steji. "Niko Archives, uko wapi?" ni sentensi iliyoanzisha mapenzi mengi hapa mjini na kumaliza mengine. Hilton ilifungwa mwishoni mwa 2022, maduka ya jirani yamebadilisha majina mara kadhaa, lakini Archives iko pale pale kwenye Moi Avenue, na sanamu ya Tom Mboya hatua chache kutoka mlangoni. Tunajua ngazi zake. Tunajua ukuta upi una kivuli saa nane mchana. Ndani hatuingii.

Ndani, kwenye ghorofa ya chini, kuna Murumbi Gallery. Makala hii inaihusu, vile nilivyoiona mara ya mwisho nikiwa na mathe. Nilikuwa nimeingia mule peke yangu zaidi ya mara moja, na ningeweza kuandika stori ya peke yangu: mwangaza, mpangilio, historia ya mkusanyaji. Ingekuwa makala sawa na zingine. Lakini ukiingia maonyesho na mtu ambaye ametengeneza vitu kwa mikono miaka yote ya maisha yake, yale uliyozoea kuyaona kuwa ya kawaida yanaanza kuonekana ni ya ajabu. Mathe aliuliza swali moja tu la maana, na nadhani hilo swali linafaa kuulizwa katika kila ukumbi wa sanaa hapa nchini.

Kwanza tumpe mwenye nyumba heshima yake. Joseph Murumbi alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine, babake Mgoa mfanyabiashara, mamake Mmaasai. Alikuwa waziri wa mambo ya nje baada ya uhuru, na mwaka 1966 akachukua umakamu wa rais baada ya Jaramogi Oginga Odinga. Alikaa kwenye kiti hicho miezi michache tu, akaondoka. Rafiki yake Pio Gama Pinto alikuwa amepigwa risasi na kuuawa Februari 1965. Baada ya siasa, Murumbi aliweka nguvu zake kwa kitu alichokipenda kwa muda mrefu: kukusanya. Vinyago, vitambaa, shanga, silaha, stempu, vitabu. Yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage hapa Nairobi, duka na ukumbi wa sanaa ya bara zima, wakati ambapo watu wengi wenye pesa mjini walidhani sanaa ni picha ya farasi kutoka Uingereza. Alifariki 1990. Yeye na mkewe Sheila wamezikwa City Park, karibu na Pinto. Sehemu ya mkusanyo wake iko Nairobi Gallery, ile ofisi ya zamani ya PC pale mwisho wa Kenyatta Avenue. Sehemu nyingine ndiyo hii ya Archives, katika jengo lililokuwa benki.

Ninachokipenda pale ni kwamba vitu vimekaa kwa wingi. Kumbi za kisasa hupenda ukuta mweupe na kitu kimoja kikiwa peke yake, kama mgonjwa aliyetengwa. Hapa vitu vimekaribiana kama watu ndani ya matatu saa kumi na mbili jioni. Sura ya mbao kutoka Afrika Magharibi iko hatua chache kutoka kwa shanga za hapa kwetu. Mipaka iliyochorwa na wazungu haina kazi. Unahisi kuna mtu mmoja aliyevipenda vitu hivi, akavipeleka nyumbani, akaishi navyo. Hiyo hisia ni adimu, na ni sababu tosha ya kuingia.

Sasa mathe. Mathe ni fundi wa nguo. Ana kibanda Umoja, cherehani mbili na msichana mmoja wa kumsaidia, na kazi yake kubwa ni sare za shule. Januari halali. Ametusomesha kwa mashati meupe na sketi za marinda, na mimi niliacha chuo mwaka wa tatu wakati marinda yalishindwa kutosha karo. Tangu hapo naandika. Yeye akiulizwa na wenzake kanisani mimi nafanya kazi gani, husema "ako na kompyuta," kisha anabadilisha mada.

Siku hiyo tulikuwa tumekuja tao kununua uzi na zipu, tukamaliza mapema. Nikamwambia kuna mahali nataka kumpeleka. Aliangalia mlango wa Archives, akaniuliza, "Kwani hapa huingiwa?" Hajakosea kuuliza hivyo. Amepita nje ya lile jengo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nilichogundua kwanza ni tofauti ya vile tunaangalia. Mimi husoma kwanza. Nikifika mbele ya kitu, macho yangu yanakimbilia kadi, yapate nchi, yapate jamii, ndipo yapande kwa kitu chenyewe kukagua kama kinafanana na maelezo. Ni tabia ya shule. Mathe hakusoma kadi hata moja. Aliweka mikono nyuma, kama mtu aliyeonywa asiguse, akainama. Alipofika kwa vitambaa alikaa dakika nyingi sana. Anaangalia nguo kutoka pembeni, aone upindo. "Hii imefumwa vipande vyembamba, halafu vikaunganishwa," akasema. "Ona hapa mchoro haujakutana vizuri. Huyu alikuwa na haraka." Mimi nilikuwa nimeona rangi tu. Nilikuwa hata na sentensi tayari kichwani kuhusu rangi hizo. Mathe aliona mtu aliyekuwa na haraka.

Si kila alichosema kilinifurahisha. Kwa vinyago alipita haraka. "Hizi si za kuweka kwa nyumba," akasema kwa sauti ya chini, ile ya kanisani. Nikamwambia zilikuwa za sherehe, za mazishi, za kufundisha vijana, kila mahali na kazi yake. Akasema anajua hivyo, ndiyo maana hataki kuzisogelea. Hapo hatukuelewana, na bado hatujaelewana. Lakini nikiwaza vizuri, woga wake ni aina ya heshima ambayo mimi sina. Kwangu kinyago kimekuwa pambo tangu nizaliwe: kwa ukuta wa hoteli, kwa jalada la kitabu, kwa tisheti. Kwa mathe bado kina kazi. Anakiogopa kama unavyoogopa mashine iliyounganishwa na stima. Sijui ni nani kati yetu anakichukulia kwa uzito zaidi, lakini nashuku si mimi.

Kisha tukafika kwa kazi ya mbao. Kulikuwa na kigoda, kile cha kukaliwa na mzee, chenye kiti cha duara kilicholainika katikati. Mathe alisimama. Akainama hadi nikadhani amedondosha kitu. Akauliza, "Nani alichonga hiki?"

Nikamtajia jamii.

"Hiyo ni kabila," akasema. "Nimekuuliza mtu."

Sikuwa na jibu, na hakuna mtu mule ndani ambaye angekuwa nalo. Katika mikusanyo mingi ya aina hii duniani, kinachojulikana kuhusu kitu ni jamii, nchi, labda na mwaka kilionunuliwa. Kitu kimepitia kwa jirani, kwa broka, kwa mfanyabiashara wa mjini, kwa mkusanyaji. Kila mkono unapokea kitu na kuacha stori kidogo njiani. Kufika kwa rafu, kimebaki na mbao na kabila. Jina ambalo halipotei ni la mtu wa mwisho kukinunua. Hilo huandikwa mlangoni.

Ili uelewe kwa nini mathe aliuliza, lazima ujue alikotoka. Amezaliwa karibu na Wamunyu, kule Machakos. Kama umewahi kuona twiga wa mbao kwa duka la watalii, kwa uwanja wa ndege, au kwa meza ya mzungu kwenye filamu, kuna uwezekano mkubwa twiga huyo ana uhusiano na Wamunyu. Stori inayojulikana ni ya Mutisya Munge, mzee wa huko aliyepelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona wachongaji wa kule wakifanya kazi, akarudi nyumbani na ujuzi wa kuchonga vitu vya kuuza. Wakamba walikuwa wakichonga tangu zamani: vigoda, vijiko, fimbo. Munge ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzo wa biashara. Kutoka kwake ujuzi ukaenea kijiji kizima, na kutoka kijijini ukafika Nairobi na Mombasa, ambako wachongaji wa Kikamba walianzisha chama chao cha ushirika pale Changamwe.

Babake mathe alikuwa mmoja wao. Hakuwa maarufu. Alikaa chini ya mti na wenzake, kila mmoja na tezo yake na gogo lake la muhugu, na wakachonga kwa dazeni. Swala dazeni mbili, twiga dazeni tatu, kulingana na oda. Watoto ndio walikuwa wa kupiga msasa. Mathe anasema vidole vyake vilijua msasa kabla ya kujua kalamu. Baada ya msasa ni kiwi ya viatu, ile ya kahawia, unapaka na kitambaa halafu unasugua hadi mbao ing'ae kama kiatu cha polisi. Broka anakuja na gari, anahesabu, analipa, anaondoka. Huko mbele hakuna aliyejua ni swala wa nani.

Lakini nyumbani walijua. Hapa ndipo mathe alinishangaza. Anasema angeweza kutoa swala wa babake kwenye rundo la swala mia. Masikio aliyalaza nyuma kidogo kuliko wenzake, kama mnyama aliyesikia kitu. Mguu wa nyuma aliuacha mnene karibu na kwato, kwa sababu hakupenda kazi irudishwe ikiwa imevunjika. Kila mzee chini ya ule mti alikuwa na mkono wake, na watoto walijua mikono yote, vile wewe unajua mwandiko wa rafiki yako. Mnunuzi aliona "kazi ya Wakamba". Watoto wa msasa waliona wazee kumi na wawili.

Kuna Mbelgiji mmoja, Frans Olbrechts, ambaye wasomi wa sanaa ya Afrika humtaja kwa heshima kwa sababu ya jambo hili hili. Katika karne iliyopita alichunguza kazi za mbao za Waluba, kutoka huko ambako leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akaona kwamba baadhi ya vigoda na sanamu zilizotawanyika katika makumbusho ya Ulaya zilikuwa na uso mmoja: mrefu, wenye mashavu yaliyobonyea na huzuni fulani. Akasema huu ni mkono wa mtu mmoja, au wa karakana moja. Kwa kuwa jina halikujulikana, wakamwita Bwana wa Buli, kwa jina la kijiji. Baadaye watafiti waliofuatilia walimhusisha na mchongaji aliyeitwa Ngongo ya Chintu. Ugunduzi huo ulihesabiwa kuwa mkubwa. Ati kumbe Mwafrika anaweza kuwa na mkono wake binafsi! Nilipomsimulia mathe, alicheka. Kwake hiyo ni kazi ya mtoto wa miaka saba aliyeshika msasa.

Sicheki Olbrechts. Alifanya vizuri, na ni wachache waliomfuata. Lakini ni vizuri kuuliza kwa nini ilikuwa lazima igunduliwe. Jibu langu ni kwamba kukosa jina kulikuwa na faida kwa wauzaji. Kitu cha Kiafrika kiliuzwa kama cha kale, cha kabila, kitu kilichojichonga chenyewe kutoka kwa mila. Ukikipa jina la mtu, kinakuwa cha jana. Mtu ana jirani, ana deni dukani, ana binti anayepiga msasa. Mtu anaweza kusema bei ni ndogo. Kabila haliwezi kukataa bei.

Na tusidhani mambo haya yaliisha na wakoloni. Mradi wa International Inventories Programme, ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa na wasanii wa hapa na wa Ulaya, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 kutoka Kenya ambavyo viko kwenye makumbusho ya nje, na mwaka 2021 ukaleta maonyesho hapa Nairobi. Tulizungumza, na ni haki yetu, kuhusu kurudisha. Lakini kurudisha kwa nani? Kitu kikirudi bila jina la mtu kitaenda kwa rafu nyingine, na kadi ileile itafuata.

Upande wa pili wa mji, majina yako kila mahali, na makubwa. Nenda ukumbi wowote wa sanaa ya kisasa, jina la msanii ndilo la kwanza kuona. Sipingi hata kidogo. Michael Armitage, aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1984 na ambaye ndiye aliyeanzisha Nairobi Contemporary Art Institute, ni mchoraji ninayempenda sana. Huchora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinachotengenezwa Buganda kwa kupigwa na nyundo za mbao hadi kilainike. Ni kitambaa cha wafalme na cha mazishi, na UNESCO imeutambua ufundi wake. Nilimwonyesha mathe picha moja ya Armitage kwa simu tukiwa tumeketi. Sikumwambia chochote. Alivuta picha kwa vidole viwili hadi uso wa aliyechorwa ukapotea, akabaki na kona moja. Lubugo huwa na matundu, na mafundi huyaziba kwa kushona. Armitage huacha mishono hiyo ionekane, rangi ipite juu yake. "Na hapa," mathe akauliza, "nani alishona?"

Ni swali lilelile, ona. Na linafaa hata zaidi kwa kazi ya msanii mwenye jina, kwa sababu linaonyesha mpaka uko wapi. Aliyeshika brashi ni msanii. Aliyepiga gome kwa nyundo siku nzima ni nyenzo, kama mafuta na turubai. Sidhani Armitage anafikiria hivyo, maana mishono ameiacha makusudi ionekane. Ni kadi inayofikiria hivyo. Kadi ina nafasi ya jina moja.

Haikuwa lazima iwe hivi. Ukiwahi kushika noti ya Nigeria ya naira 20, igeuze nyuma. Utaona mwanamke na chungu. Ni Ladi Kwali, mfinyanzi aliyejifunza kama wanawake wengine wa kijiji chake walivyojifunza. Jina lake linajulikana, na sura yake iko kwenye pesa. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye vyungu vyake vinaheshimiwa dunia nzima, alikwenda Abuja akajifunza katika karakana hiyo hiyo ya kina Ladi Kwali, na wanaoandika juu yake huwataja hao wanawake. Kuna mlolongo: mtu, akafundisha mtu, akafundisha mtu. Je, sisi tunaweza kutaja mfinyanzi mmoja wa vyungu vya maji tulivyokulia navyo? Fundi mmoja wa kiondo? Tuna "akina mama wa kikundi". Hilo pia ni kabila tu, limevaa leso.

Nilipofika hapa kwa maelezo yangu, nikiwa nimepandwa na moto, mathe alinipoza. Hili ndilo lililonisumbua zaidi siku hiyo, kwa hivyo nitalieleza kama alivyolisema.

"Mimi nimeshonea hii Nairobi nzima," akasema. "Watoto wangapi wamevaa shati langu? Hakuna mahali nimeandika jina. Sitaki jina kwa shati. Nataka mwenye shule alipe mwezi ukiisha. Na babu yako ni hivyo hivyo. Hakuwa analilia jina. Alikuwa analilia bei."

Ni hoja nzito, na wapenda sanaa huwa hatuipendi kwa sababu inatufanya tuonekane watoto. Mimi mwenyewe najua ukweli wake. Sehemu kubwa ya pesa zangu hutoka kwa maandishi yasiyo na jina langu: maelezo ya viti vya ofisi kwa tovuti za watu sijawahi kuwaona, makala za afya zinazotiwa sahihi na mtu mwingine. Mwezi ukiwa mgumu silii jina, nalia M-Pesa isome. Mathe aliwahi kuniomba nimwonyeshe kazi yangu, nikamfungulia ukurasa mmoja. Akasoma, akauliza, "Jina lako liko wapi?" Kwa hivyo siku ile pale Archives nilimkumbusha: mbona kwangu uliuliza jina? Alinyamaza kidogo. "Kwa sababu wewe ni mtoto wangu," akasema.

Nadhani jibu hilo lina ukweli zaidi kuliko alivyokusudia. Hatuulizi jina la kila kitu. Tunauliza jina pale ambapo aliyefanya ni mtu kwetu. Kigoda kimoja kilimfanya aulize kwa sababu alikiona kama kazi ya mzee ambaye angeweza kuwa wa kwao. Mimi nilikiona kama mfano wa mila. Maonyesho yanayotupa kabila peke yake yanatufundisha kutouliza.

Lakini pia sikubali kwamba jina na bei ni vitu viwili tofauti. Sheria yetu ya hakimiliki ilirekebishwa mwaka 2019, na sasa inampa msanii haki ya asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kupitia minada na wafanyabiashara wa sanaa. Hakimiliki yenyewe hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Fikiria maana yake. Mchoraji mwenye jina, akifa leo, familia yake ina kitu cha kushika. Mchongaji aliyekaa chini ya mti Wamunyu, hata swala wake auzwe mara ngapi na kwa bei gani, hakuna wa kupigiwa simu. Asilimia 5 ya mtu asiyejulikana ni ya nani? Mathe alisikiliza hii ya asilimia kwa makini kuliko mengine yote. "Hiyo sasa ndiyo stori," akasema. Mwalimu wangu wa nadharia hakuwahi kunipa sifa kubwa hivyo.

Kwa hivyo uamuzi wangu kuhusu Murumbi Gallery ni huu. Ingia. Ni moja ya vyumba vyenye utajiri mkubwa katikati ya jiji, na kimekusanywa na mtu aliyeamini kwamba vitu vya bara hili vinastahili kukaa mahali pa heshima wakati ambapo imani hiyo haikuwa na pesa. Bila yeye, vingi vya hivi vingekuwa nje, na sisi tungekuwa tunaviangalia kwa simu. Lakini usiingie ukifikiri kadi ndiyo mwisho wa maarifa. Katika chumba hiki na vingine kama hiki, kadi ni mahali maarifa yalikatikia.

Na usiende peke yako. Mpeleke mtu wa familia anayejua kutengeneza kitu: shangazi anayesuka, mjomba wa welding, nyanya anayejua kiondo kinaanzia wapi. Usimsomee. Usimtafsirie. Nyamaza, uone atasimama wapi, na uandike anachouliza. Kumbi zetu zingekuwa na akili sana kama zingewaalika watu kama hao kabla ya kuandika kadi, maana kuna wazee Wamunyu na kwingineko ambao bado wanatambua mikono ya wenzao waliokwenda. Hao hawatakuwepo milele. Ujuzi huo haujahifadhiwa kwenye sanduku lolote pale Archives. Uko kwa vidole vya watoto wa msasa, na watoto hao sasa wana mvi.

Mathe huniita "nau", yaani baba yangu kwa Kikamba, kwa sababu nimerithi jina la babake. Ndivyo kwetu majina yalivyohifadhiwa: kwa watoto, si kwa mbao. Ni njia nzuri, na imefanya kazi vizazi vingi, lakini haiwezi kumfikia mtu aliyenunua swala London.

Kwa hivyo anza na kilicho karibu. Ukienda Maasai Market ukanunua hata bakuli, muulize muuzaji ni nani alichonga. Wengine wanajua, hasa kama ni ndugu yao. Akikwambia kabila, muulize tena. Akikupa jina, geuza bakuli, uliandike chini, pamoja na mahali na mwaka. Kalamu ya wino usiofutika haifiki hata shilingi mia.